Vipande Mia Nne na Themanini vya Msiba wa Mzee Longino

Mkasi ulimaliza kuukata msiba wa Mzee Longino Kihwele kabla binti yake hajamaliza kupenga kamasi. Video yenye urefu wa saa nne, iliyonaswa na jicho-nzi, ile kamera ndogo kama punje ya harage inayoelea juu ya watu bila kupiga kelele, iliingia upande mmoja wa mtambo. Upande wa pili vikatoka vipande kumi na viwili, kila kimoja cha sekunde thelathini na kichwa chake cha habari, tayari kusambazwa. Mkasi ulijua wenyewe ni wapi moyo wa mtazamaji utaruka, na hapo ndipo ulipokata.

Kwa watu wa Iringa ya miaka hiyo hili halikuwa jambo la ajabu. Magari ya kamba yalipita juu ya jiwe la Gangilonga tangu alfajiri, roboti zilifagia soko, na kila nyumba yenye harusi, kipaimara au msiba ilipeleka video yake Shirika la Vipande. Uwanja, mtandao uliokusanya dunia nzima mahali pamoja, haukupokea video inayozidi nusu dakika. Ndiyo kanuni, na watu walishaizoea. Kilichobaki baada ya kukatwa kiliitwa mabaki. Mabaki yalikaa ghalani siku tano, kisha yakayeyushwa ili kupisha mengine.

Mhandisi Veneranda Kihwele aliyajua haya kuliko mtu yeyote, maana ndiye aliyeuunda Mkasi. Msiba wa baba yake aliuingiza mwenyewe, akabonyeza, akarudi nyumbani Kihesa kuwapikia chai ndugu waliobaki. Hakuvitazama vile vipande. Aliuamini mtambo wake, na hilo lilikuwa kosa ambalo angelijutia kabla ya wiki kwisha.

Kipande cha saba kiliitwa "Bibi Amkebehi Marehemu Mbele ya Jeneza." Ndani yake kuna bibi wa miaka sabini na ushei, amevaa koti la marehemu linalomfika magotini na kofia yake ya pama. Anachechemea vilevile alivyochechemea marehemu, anagonga fimbo chini. "Hazikwi mtu hapa!" anapayuka. "Arudishe kwanza jembe langu! Jamani, mbwa wa Iringa nzima leo wanakunywa soda, adui yao amekufa!" Kisha anajibwaga chini mbele ya jeneza na kukunja mikono. Kipande kinaishia hapo.

Watu milioni sita walikitazama kwa siku mbili. Walitukana kwa lugha ambazo Iringa haijawahi kuzisikia.

Hakuna aliyewaambia kile ambacho mtu yeyote wa Kihesa angewaambia akiwa anamenya viazi. Skolastika Mhagama ni Mngoni. Longino Kihwele alikuwa Mhehe. Wangoni na Wahehe ni watani. Mababu zao walipigana kwa mikuki mpaka wakachoka, wakapatana, na tangu hapo wanapigana kwa matusi tu, kama lile la Wahehe kula mbwa, tena kwa raha zao. Kwenye msiba mtani ana kazi yake. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kwa mwendo wake, anazuia mazishi mpaka apewe jogoo, na wafiwa waliokauka kwa huzuni wanacheka bila kutaka, kifua kinafunguka, kilio kinatoka vizuri. Msiba usio na mtani watu hurudi nao nyumbani tumboni.

Jumatano barua ya Baraza la Heshima la Uwanja ilifika. Ijumaa saa nne asubuhi Skolastika Mhagama angefika mbele ya Baraza. Aombe radhi hadharani kwa marehemu na familia yake, au azuiwe kuhudhuria msiba wowote mjini Iringa maisha yake yote. Macho-nzi ya mji yangeisoma sura yake na kumzuia getini.

Veneranda alikwenda kwake siku ileile. Alimkuta uani anapepeta mchele, ungo unaruka na kutua.

"Kamwene, Bibi Skola."

"Kamwene. Umekuja kuiba kuku au kutazama waliobaki?" Skolastika hakuacha kupepeta. "Kaa hapo. Nasikia mtoto wako Mkasi amenikata kama nyanya."

"Bibi, ni kosa langu. Nimekuja turekebishe." Veneranda alivuta kigoda. "Kesho ninakata kipande kingine. Kuna mahali unalia, nimekumbuka, ulilia sana kaburini. Tutakitoa hicho. Watu wakikuona unalia watanyamaza. Halafu mbele ya Baraza unasema maneno mawili tu ya radhi, mimi kama mfiwa nayapokea, yamekwisha."

Ungo ulisimama.

"Binti Kihwele, umesoma mpaka umepitiliza," alisema Skolastika. "Mtani anaomba radhi tangu lini? Siku nikiomba radhi nimesema yale yalikuwa matusi. Nimesema miaka hamsini nilikuwa namtukana baba yako, naye alikuwa ananitukana mimi. Utani umekufa hapo hapo, wa kwangu na wa wajukuu zangu. Siombi."

"Watakufungia misiba, Bibi."

"Najua." Sauti ilimshuka kidogo, akaipandisha tena kwa nguvu. "Na hicho kipande cha kulia usikitoe. Nililia, ndiyo. Lakini nililia baada ya kuchekesha, na nilichekesha kwa sababu nilitaka kulia. Ukitoa kicheko peke yake, mimi ni mchawi. Ukitoa kilio peke yake, mimi ni mnafiki. Umeshanikata mara moja. Mara ya pili sikubali."

Veneranda alirudi mjini akiwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yake mwenyewe. Alhamisi asubuhi alijifungia chumba cha mtambo.

"Kwa nini ulikata pale?" aliuuliza Mkasi.

"Kicheko kilifika kilele katika dakika ya mia na moja," ulijibu Mkasi kwa sauti yake tulivu ya mwalimu wa hesabu. "Sekunde tisa baadaye kilio kilianza. Kanuni ya kumi na nne inasema kicheko na kilio visikae katika kipande kimoja. Watazamaji wakichanganyikiwa huondoka."

"Nani aliandika kanuni ya kumi na nne?"

"Mhandisi Veneranda Kihwele."

Alikumbuka hata siku yenyewe. Mvua ilikuwa inanyesha, majaribio yalikuwa yanakwama, akaiandika kwa dakika tano akaenda kula. Alikuwa amekulia kati ya watani, amechekeshwa kwenye kila msiba tangu utotoni, na hakuwahi kufikiri kwamba jambo la wazi namna hiyo linahitaji kuelezwa kwa mtu, sembuse kwa mtambo. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Mabaki ya msiba wa baba yangu yanayeyushwa lini?"

"Kesho saa sita mchana. Mabaki yenyewe yana urefu wa masaa matatu na dakika hamsini na nne."

Akahesabu kwa vidole, akahesabu tena. Kisha akacheka peke yake, kicheko kibaya, cha mtu anayekaribia kufanya ubishi.

"Rudisha vipande kumi na viwili mahali pake. Sasa anza dakika ya kwanza. Kata kila sekunde thelathini mpaka mwisho. Usichague."

Mkasi ulipiga hesabu.

"Vitakuwa vipande mia nne na themanini," ulisema. "Kipande cha tisini na sita hakina tukio. Kuna mwanamke anachagua mawe kwenye mchele."

"Kitoe Uwanjani hivyo hivyo."

"Kipande cha mia na arobaini kina mzee aliyesinzia kwenye kiti."

"Huyo ni mjomba Deogratias. Mtoe na yeye."

"Hakuna atakayetazama."

"Hiyo si kazi yako. Kazi yako ni kukata. Vipe namba, vifuatane, na visibaki mabaki hata ya nukta moja. Kisichobaki hakiyeyushwi."

Kanuni ya Nusu Dakika haikuvunjwa popote. Kila kipande kilikuwa cha sekunde thelathini kamili. Jioni ile vyote vilikuwa Uwanjani, vimepangwa kama shanga, na watu wa kwanza waliovifungua walidhani mtambo umeharibika.

Ijumaa ukumbi wa Baraza ulijaa. Mwenyekiti Shemhilu, mtu mwembamba mwenye sauti ya upole, alikaa mbele ya kioo-ukuta kikubwa. Skolastika alisimama amejifunga kanga mbili, na juu yake amevaa lile koti la marehemu. Hakuna aliyethubutu kumwambia alivue.

"Mama Mhagama," alisema Mwenyekiti, "mimi mwenyewe nina watani. Nakuelewa. Lakini watu milioni sita waliokuona hawana watani, na Baraza hili ni lao pia. Sema neno moja tu la radhi, uende nyumbani."

"Sisemi," alijibu Skolastika.

"Basi tutazame ushahidi. Kanuni zetu zinapokea vipande tu."

Veneranda alisimama. "Mimi ndiye mfiwa, mheshimiwa, na ndiye niliyeuunda Mkasi. Nimeleta vipande. Viko mia nne na themanini."

Ukumbi ulivuma. Mwenyekiti alivua miwani.

"Mhandisi, hiyo ni video nzima."

"Hapana. Ni vipande, kila kimoja nusu dakika. Vipime. Kama kanuni inapokea kimoja, inipe sababu ya kukataa cha pili. Mmemhukumu mama huyu kwa nusu dakika. Mtazameni kwa saa nne, au mseme wazi kwamba hamna muda wa kumjua mtu mnayemfungia."

Mwenyekiti aliwatazama wenzake wawili. Mmoja alitikisa kichwa kukataa, mwingine alikuwa tayari ameweka mikono kifuani kama mtu aliyefika msibani. Mwenyekiti alivaa miwani tena.

"Washeni," alisema.

Saa ya kwanza watu walikohoa, wakatoka, wakarudi. Kwenye kioo wanawake walichagua mchele, moshi uliwaingia machoni, mtu alitafuta sufuria iliyopotea. Saa ya pili hakuna aliyetoka tena. Mtu mmoja nyuma alianza kuwataja watu kwenye kioo kwa majina, kisha mwingine akasema huyo alifiwa na mumewe mwaka jana, na ukumbi ukatulia namna ambayo kumbi za Baraza hazitulii. Mama mmoja alileta chai ya tangawizi kwenye birika kubwa bila kutumwa.

Kipande cha mia mbili na mbili kilipofika, kile cha koti, ukumbi mzima uliangua kicheko. Mwenyekiti Shemhilu alijitahidi, akashindwa, akaficha uso kwenye makaratasi yake. Na sekunde tisa baadaye, katika kipande cha mia mbili na tatu, wafiwa walewale waliokuwa wanacheka walianza kulia kwa sauti, na wa kwanza wao alikuwa Veneranda.

Aliyaona machozi yake kwa mara ya kwanza. Alikuwa amesahau kwamba alilia, kwa kuwa kilio chake hakikuwamo kwenye kipande chochote.

Lakini jambo ambalo hakuwahi kulijua kabisa lilikuwa katika kipande cha mia tatu tisini na moja. Jeneza limebaki peke yake barazani, watu wamekwenda kunawa. Skolastika anakuja, analivua koti, analikunja vizuri, mkono juu ya mkono. Anadhani hakuna anayemwona. Anainama mpaka mdomo unakaribia mbao.

"Longino," anasema. "Sasa nani atanitukana?"

Anabaki ameinama. Kipande cha mia tatu tisini na mbili bado ameinama. Cha mia tatu tisini na tatu bado. Dakika moja na nusu bila neno, bila tukio, vipande vitatu ambavyo Mkasi usingevitoa kamwe na ambavyo leo saa sita vingekuwa vimeyeyushwa. Ukumbini hakuna aliyepenga kamasi, walikuwa wanayaacha tu.

Cha mwisho kilipoisha ilikuwa saa nane na nusu. Mwenyekiti alizungumza chini chini na wenzake.

"Baraza halioni kosa la kuombewa radhi," alisema. "Mama Mhagama, nenda kwenye misiba yako." Kisha akamgeukia Veneranda. "Mhandisi, Shirika lako limetuma taarifa. Limesema umetumia mtambo kinyume cha kazi yake. Kuanzia sasa huna ruhusa ya kuingia."

Veneranda alivua kitambulisho chake shingoni, akakiweka juu ya meza kabla hakijaombwa. "Waambieni kanuni ya kumi na nne niliiandika mimi," alisema, "na mimi ndiye ninayeikataa. Wakiiacha ndani, jina langu walitoe."

Nje kulikuwa na baridi ya Juni. Skolastika alisimama ngazini, akalivua lile koti, akamrushia.

"Shika. Nimechoka kunuka Mhehe."

Veneranda alilipokea. Koti lilikuwa na harufu ya tumbaku ya baba yake, na moyo ulimuuma waziwazi. Akatazama ile kanga ya juu, nyekundu, iliyochakaa pindoni.

"Bibi Skola."

"Nini?"

"Siku yako ikifika, hiyo kanga naivaa mimi. Nitalala mlangoni, hazikwi mtu. Nitawaambia babu zako walitembea kutoka Kusini mpaka hapa wakiiba ng'ombe wa watu njia nzima, na wewe ulikuwa ndiye mwizi wa mwisho."

Skolastika alimtazama, macho yamejaa maji, mdomo unajizuia kucheka.

"Mtoto huna adabu kabisa," alisema, akamshika mkono wakashuka ngazi pamoja. "Jogoo wako watakupa mdogo."