Tawi la Ua wa Tatu

Haya aliniambia Antipasi, rafiki yangu, na mpaka leo akimtaja Alute anatema mate chini.

Ilikuwa mwaka 1974, tumehamishiwa kijiji kipya huko Mgori. Yeye na jirani yake Alute walipeleka chumvi ya ng'ombe kwenye malisho ya mlimani. Njia ya kurudi ilipita kwenye nyua tatu za miiba, na kwetu anayetembea nyuma ndiye anayerudisha tawi la miiba linaloziba mlango, ng'ombe wasitoke. Alute alisema atatembea nyuma yeye.

Ukungu ulishuka mzito, giza likaingia mapema. Kila alipovuka ua, Antipasi alisikia tawi likiburutwa juu ya mawe, kisha sauti ya Alute: "Nimefunga." Mara tatu. Hakugeuka hata mara moja, kwa kuwa alimwamini.

Alipoingia nyumbani kwake alimkuta Alute jikoni, anakunywa uji.

"Umenipitaje?"

"Sikufika hata ua wa kwanza," Alute akasema bila aibu. "Nilisikia lori huko chini, nikalikimbilia. Nilijua utafunga mwenyewe."

"Ukaniacha peke yangu kwenye ukungu, na ng'ombe wa watu?"

Alute aliinua kikombe. Kikombe kilisimama karibu na mdomo wake, kwa sababu nje kulikuwa na kitu kinaburutwa juu ya mawe, polepole, mpaka mlangoni. Kisha sauti yake Alute ikasema, huko nje, "Nimefunga."

Antipasi alisukuma mlango. Haukufunguka. Alipopenyeza vidole kwenye upenyo, vilichomwa na miiba.