Vikombe vya Kando

Maman Kasoki akipika sombe, kisamvu cha kwao, jengo zima hujua. Ni mama wa Kivu anayehudumia wazee hapa Ganshoren, mjini Brussels, na mkono wake hauna uchoyo. Jumamosi hiyo alingoja wageni: kwaya ya wanafunzi Watwa, jamii ya asili ya misituni, kutoka Kivu, wanaosoma Brussels. Alasiri wangepewa heshima kwenye jumba la komyuni, yaani halmashauri, ya Berchem jirani, kwa sababu ya kuimba nyimbo za asili za watu wao. Kasoki alitaka wapite kwake kwanza, wale, wajione wako nyumbani.

Laetitia, kiongozi wa kwaya, alitangulia kuja kusaidia. Akatazama meza. Upande mmoja palikuwa na sahani na bilauri za familia. Upande mwingine palikuwa na vikombe na sahani za plastiki, za kutupa.

"Maman, hii ya plastique ni ya nani?"

"Ni yenu, batoto ya chorale," alijibu Kasoki, akisonga bugali.

Laetitia aliiacha meza. "Bon, usijisumbue, maman. Tutakula huko mbele." Akachukua koti lake, akatoka.

Kasoki alibaki na mwiko mkononi. Amekosa nini? Akamwita jirani yake Mwanakombo, Mrundi aliyekuwa mwalimu Bujumbura.

"Kwa nini umetenga vyombo?" Mwanakombo aliuliza alipoiona meza.

"Ni vile tu. Kwetu Mutwa akikuja, alikuwa na kikombe yake ya kando. Mama alifanya vile, na mimi sikufikiri."

Desturi nyingine hutuingia bila kubisha hodi.

"Hata kwetu Burundi tulifanya hivyo," alisema Mwanakombo. "Ni kama kumwambia mtu kwamba yeye ni mchafu. Watwa wanaijua dharau hiyo tangu utotoni."

"Alors, nifanye nini?"

"Ondoa hiyo plastiki. Mwambie umekosea, usitafute sababu. Kisha mle pamoja."

Kasoki aliona haya mpaka masikio yakawaka. Akashuka ngazi na aproni yake. Laetitia alikuwa bado kwenye kituo cha basi.

"Mutoto yangu, nimekukosea. Ile desturi ni mubaya, na mimi niliifuata. Rudi tukule pamoja. Ukikataa, nitaelewa."

"Bibi yangu alinyimwa bilauri maisha yake yote," alisema Laetitia. "Hakuna muntu alimuomba pardon."

Kisha akawapigia wenzake simu waje.

Walikula wote kwenye sahani kubwa, mikono ikikutana. Laetitia akanywa maji, akampa Kasoki bilauri ileile. Kasoki akayamaliza.

Kule kwenye komyuni, ambako Kasoki alifuatana nao, nyimbo zilipokwisha, mkuu wa komyuni aliwaomba wazazi wa wanakwaya wasimame wapigiwe makofi. Wazazi wao walikuwa Kivu. Kasoki aliinamisha kichwa, maana hakujiona anastahili kusimama kama mzazi wao.

Laetitia akamwita kutoka mbele, kwa sauti ya kawaida.

"Maman, simama. Ni wewe banaita."

Kasoki akasimama.