Betri Mbili za Kidaftari cha Babu

Kila Jumamosi, akishafua sare yake ya shule na kuianika, Nadhira alikuwa na kazi moja ndogo: kumshikia babu yake miwani huku mzee akikipangusa kidaftari chake. Babu Zahoro alikuwa mwongoza watalii Diani kwa miaka mingi, na kifaa hicho aliachiwa na mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Kilienea kiganjani, na mtu aliandika kwa kikalamu cha plastiki juu ya kioo chake cha kijivu. Hakikupiga simu wala picha. Kilihifadhi majina, tarehe na mambo ya kukumbuka, basi.

"Hiki ndicho babu yake simu ya mama yako," Babu alipenda kumwambia. Zamani, alieleza, watu walitia kidaftari mfuko huu na simu ya vibonye mfuko ule. Kisha wajuzi wakachoshwa na mifuko miwili, wakaviunganisha, ndipo zikaja simu janja. Nadhira alisikiliza kwa heshima, lakini moyoni alikiona kitu kile takataka. Simu ya mama iliyaweza yote hayo, na katuni juu yake.

Takataka hiyo ilitegemewa na kijiji chao kizima cha Bongwe. Marehemu Bibi Mwanamkuu, mkewe Babu, alikuwa mkunga. Daftari lake la karatasi lililiwa na mchwa, na tangu hapo kila alipotoka kuzalisha alimtajia mumewe jina la mama na siku ya uzazi, naye akaandika humo. Mtoto aliyezaliwa nyumbani akitakiwa cheti, wazazi wake walikuja kwa Babu kutafuta tarehe.

Jumanne moja alasiri Nadhira alikuwa peke yake nyumbani. Betri za rimoti zikamwishia katikati ya mchezo alioungojea wiki nzima. Akakumbuka kidaftari. Akazitoa betri zake mbili, akatazama runinga mpaka mwisho, akazirudisha kabla Babu hajatoka msikitini. Hakuona ubaya wowote. Simu ya mama ilizimika mara ngapi kwa kukosa chaji, na ikiwashwa picha zote zimo? Mtoto wa siku hizi angejuaje kwamba kifaa kile cha zamani kilikumbuka maneno maadamu betri zimo ndani tu? Kweli, alimwona Babu akizibadilisha moja moja, upesi upesi, kama mtu anayefunga banda kuku wasitoke, lakini alidhani ni mambo ya wazee.

Kesho yake Twaiba akapiga hodi. Alikuwa mama yake Ikram, aliyeketi dawati moja na Nadhira. Chifu alitaka barua yenye tarehe ya kuzaliwa kwa Ikram kabla ya Jumatatu, ama sivyo mtoto asingeandikishwa mtihani. Babu akawasha kidaftari. Kioo kikamtaka aweke tarehe ya leo, kama kifaa kipya kutoka dukani. Hakukuwa na jina hata moja. Mzee akabonyeza, akabonyeza tena.

"Nisamehe, mwanangu," akamwambia Twaiba. "Nadhani nilichelewa kubadilisha betri. Ni uzee huu."

Nadhira alikuwa mlangoni na sinia la chai. Hapo akaelewa alichofanya, akaliweka sinia mezani, akarudi jikoni. Aliona haya, na zaidi ya haya aliogopa. Alhamisi hakusema. Ijumaa Ikram alimwambia darasani kwamba huenda asifanye mtihani pamoja nao. Hata hapo hakusema. Nyumbani Babu hakula vizuri. Alikaa barazani akikigusagusa kioo kitupu, akijilaumu mbele ya kila aliyemwamkia. Hilo ndilo lililomshinda Nadhira.

Jumamosi asubuhi akaketi miguuni pake. "Babu, ni mimi. Nilizitoa betri Jumanne nikazitia kwenye rimoti. Nikakuona ukijilaumu, nikanyamaza."

Babu hakumkaripia, na Nadhira alitamani akaripiwe. Kisha mzee akavaa kofia yake, akamwambia achukue daftari na kalamu.

Walianzia kwa Twaiba. Alikumbuka kwamba alijifungua siku moja baada ya jirani yake Syovata, na Syovata, aliyezalia hospitali, bado alikuwa na kadi ya kliniki. Tarehe ikapatikana. Jumatatu mapema barua ya Ikram ikafika kwa chifu. Wakaendelea nyumba kwa nyumba, na kufikia mwisho wa mwezi walikuwa na majina sitini na mawili, kwenye daftari na kwenye simu ya mama. Mengine hawakuyapata, wenyewe walihama, au mama zao walikuwa wamefariki.

Jina la mwisho kuandika lilikuwa la Nadhira mwenyewe. Akauliza kama Bibi alisema lolote siku alipomzalisha.

"Alisema," Babu akajibu. "Alicheka, akaniambia niandike neno mbele ya jina lako. Nikaliandika. Sikulikariri, kwa kuwa nilijua limo humo."

Nadhira akalia. Babu akamwacha alie, halafu akamwambia, "Kutoa betri hukujua, mjukuu wangu, na hilo nilikusamehe palepale. Mimi pia nina kosa, maana mama yako aliniambia miaka yote tuyahamishe majina, nikawa nasema kesho. Lakini zile siku za kunyamaza ulizijua. Ukikosea, sema siku ileile, kabla mwenzio hajalibeba kosa lako."

Nadhira akaitikia, akafuta machozi, akaliandika jina lake. Mbele yake aliacha nafasi tupu, kwa kuwa hapakuwa tena na wa kumwuliza.