Spika ya Nyuma

Fundi redio ninayepakana naye ukuta si mtu wa kuzua. Hata akikutengenezea pasi, atakuonyesha kwanza kilichoungua. Kwa hiyo nayaeleza haya kama alivyonieleza mwenyewe.

Mdogo wake tulimwita Nusu, maana kidole chake cha shahada kilikatwa na feni utotoni. Nusu alikuwa na kompyuta kuukuu ya kupangia muziki, sauti zikishuka kwenye kioo kwa safu nne, mbili za kushoto na mbili za kulia. Alikuwa na ujanja wake. Sauti ileile aliiweka kushoto ilivyo, na kulia akayageuza mawimbi yake juu chini. Kisanduku maalumu cha kaka yake kikiipokea, kinaitoa kwenye spika ya tatu, iliyotundikwa nyuma ya msikilizaji. Walicheka sana, wakiwashtua wateja.

Kisha Nusu akapotea. Mlango wa chumba chake ulivunjwa ukiwa umefungwa kwa ndani. Kompyuta ilikuwa ikicheza, mwenyewe hayumo.

Mama yao, aliyelala mgonjwa chumba cha pili kutoka dukani, aliacha kula. "Mwanangu, nipatie hata sauti yake tu," alimwambia fundi.

Siku ya saba, saa nane mchana, fundi alileta kompyuta dukani, akaiunga kwenye kile kisanduku, akaucheza wimbo wa mwisho wa Nusu. Ngoma zilitoka mbele. Nyuma yake mtu akavuta pumzi.

"Kaka."

Aligeuka. Spika tu, na ukuta.

"Kaka, nimeingia huku nyuma. Njia siioni."

Fundi alitazama kioo. Safu zote nne zilikuwa ngoma na gitaa. Hapakuwa na sauti ya mtu popote.

"Nifanyeje, mdogo wangu?" alinong'ona, machozi yakimtoka.

"Mama aniite. Akiniita huku ananisikia, nitaijua njia. Fanya haraka, nafifia."

Mama hakuweza kuinuka. Kando ya kitanda chake palikuwa na redio ya spika moja, na waya wa kufika huko ulikuwa mmoja. Fundi hakufikiri mara mbili. Alisokota nyaya za kushoto na kulia pamoja, akaziunga kwenye ule mmoja, akakimbilia kwa mama.

"Mwite, mama! Mwite!"

"Nusu! Mwanangu! Njoo!"

Redioni zilisikika ngoma peke yake.

Hapo ndipo fundi alipokumbuka jambo alilowafundisha wanagenzi miaka kumi na mitano. Sauti kama ilivyo na sauti iliyogeuzwa zikikutana kwenye waya mmoja, zinauana. Haraka haraka haina baraka. Alirudi mbio, akazitenganisha nyaya kwa meno.

"Ma..." ilisema spika ya nyuma.

Kisha kimya.

Aliucheza wimbo ule hadi kompyuta ikachemka. Alisihi. Alipiga magoti mbele ya ukuta. Hakuna aliyejibu.

Mwishowe aliishusha spika, akaifungua. Skrubu zilikuwa bado chini ya rangi aliyoipaka mwenyewe miaka iliyopita. Ndani mlikuwa na vumbi, na kwenye vumbi alama za mkono, vidole vinne vizima na kimoja kifupi.

"Ameitika?" mama aliuliza kutoka chumbani.

Fundi alikuwa akitazama zile alama. Zilikuwa zimeparuzwa hadi kwenye mbao, zote kuelekea upande wa kitanda cha mama.