Kioo cha Manowari

Haya yalimkuta rafiki wa mke wangu, mama asiyejua kutia chumvi. Anasafisha ukumbi wa kumbukumbu ya mabaharia waliozama na manowari yao vitani. Dirisha moja la manowari hiyo, la duara, limepachikwa ukutani. Nyuma ya kioo ni zege tupu.

Asubuhi hiyo umeme ulikatika, giza likatanda, kimya kikawa kizito. Akawasha tochi ya simu, akakipulizia kioo pumzi ili akifute, kama kawaida yake.

“Haya baba zangu, tunawe uso,” akatania.

Akafuta. Ukungu haukutoka. Akakaza mkono, kitambaa kikalia nyii, kikavu. Ukungu ulikuwa upande wa ndani. Ukafifia, ukarudi, kama mtu anavyohema.

Kisha, kando yake, ukaanza mwingine.