Abiria wa Safu ya Tatu

Haya yalimpata jirani yangu Marlys Haugen, hapa Duluth, mji wa baridi kali kaskazini mwa Marekani, mimi na yeye tukitenganishwa na ua wa mbao tu. Mimi si mtu wa mizimu. Watu wakisimulia mambo hayo huwa nawacheka mbele ya macho yao. Hili silicheki.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi ya Januari, jua likimeta juu ya theluji na baridi ikikata masikio. Marlys alikuwa anampeleka bintiye Signe, wa miaka saba, kwenye mazoezi ya mpira wa magongo barafuni. Gari lao, lile la familia lenye safu tatu za viti na milango ya kusukuma pembeni, walikuwa wamelinunua wiki tatu kabla kwa mzee mmoja wa kanisani kwao. Lilinuka petroli tangu siku ya kwanza, na mara mbili lilikuwa limezimika njiani.

"Si umrudishie mzee gari lake?" nilimwambia.

"Aa, jamani! Mtu ninayekaa naye benchi moja kila Jumapili, nitamwambiaje? Wala si baya kiasi hicho."

Ndivyo tulivyo huku. Mtu yuko radhi aungue kuliko kumsumbua mwenzake.

Signe alikuwa amekwisha kupanda, safu ya nyuma kabisa. Nikamtania, "We mtoto, mbona unakaa huko na mizigo?"

"Nakaa na yule mama," akajibu. "Anasema petroli inanuka."

Marlys akacheka. Mimi nikachungulia. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu, ila kioo cha upande huo kilikuwa kimepata ukungu, kama pale mtu anapokipumulia kwa karibu.

Kwenye kituo cha mafuta Marlys alijaza tangi. Pampu ikajizima. Akaminya tena, na tena, mpaka petroli ikafika mdomoni. Baba yake alimlea hivyo: majira ya baridi tangi lisiachwe na nafasi, maji yasije yakaganda humo. Fundi alishamwonya kuwa gari hili halitaki mtindo huo, petroli ikizidi huvuja chini, lakini mkono ulishazoea.

Kwenye barabara ya ziwani injini ikakohoa, kisha ikazimika. Harufu ikajaa ndani.

"Mama," Signe akanong'ona. "Anasema tushuke."

"Tulia, mwanangu."

"Anasema sasa hivi."

Marlys akawasha. Ikakataa. Akawasha tena. Moshi ukapanda kutoka chini ya sakafu. Akaruka nje, akavuta mlango wa pembeni. Umekwama. Akazunguka upande wa pili. Nao umekwama. Ndani moshi mtupu, mtoto haonekani. Alipiga kioo kwa ngumi. Alimwita Mungu. Aliniita hata mimi.

Mlango ukafunguka. Kutoka ndani.

Signe akaruka kama aliyesukumwa mgongoni, akaangukia theluji. Marlys akamnyakua, akakimbia. Hawakufika hatua ishirini. Gari lote likawaka.

Nilipofika baada ya kupigiwa simu, moto ulikuwa umezimwa. Nilimkuta Signe amejikunja kwenye blanketi, nikamkumbatia. Nilikuwa na hasira na Marlys, hasira ya kutaka kumzaba kofi, na nilikuwa nalia.

Mtu wa zimamoto akatoka kwenye mabaki. "Mlikuwa wangapi humu?"

"Wawili," Marlys akasema.

"Una uhakika, mama?"

"Mimi na mwanangu tu."

 Akatuonyesha kwa tochi yake safu ya nyuma, palipobaki vyuma vitupu. Chuma cha mkanda wa kiti cha Signe kilikuwa kimefunguliwa. Cha kiti cha pembeni yake kilikuwa kimefungwa, kimezama hadi mwisho. Kitambaa cha mkanda kilikuwa kimeungua chote isipokuwa kipande kifupi katikati, kisafi, upana wa kiganja cha mtu mzima.

Signe akanivuta sikio, akaninong'oneza.

"Alifungua mkanda wangu kwanza. Wake ukamkatalia."