Mureithi Alivyoziba Gego kwa Gundi ya Chuma

Gego la Mureithi lilikuwa limetoboka. Lilikuwa la chini, upande wa kulia. Tundu lake lilitosha kuingia kichwa cha njiti ya kiberiti. Alijua hivyo kwa sababu alikuwa amejaribu.

Mureithi alikuwa fundi wa bati huko Majengo, karibu na soko la Gikomba. Kazi yake ilikuwa kutengeneza masanduku ya wanafunzi wa bweni. Miezi mingine kazi ilikuwa ya kubahatisha, leo jiko, kesho beseni. Lakini Desemba na Januari, kabla shule hazijafunguliwa, kila mzazi alitafuta sanduku. Fundi aliyelala miezi hiyo miwili alilala njaa ile kumi iliyobaki.

Mwaka huo alikuwa na haja kubwa zaidi. Binti yake Kui alikuwa ameitwa gredi ya kumi katika shule ya bweni huko Nyeri. Nusu ya karo ilikuwa tayari. Mkewe, Jecinta, alikuwa ameiweka kwenye chama cha akina mama wa kanisa. Nusu ya pili ingetokana na masanduku sitini aliyoagizwa na Kabiru, mfanyabiashara wa jumla.

Kwa hiyo Mureithi hakutaka kusikia habari za jino.

Batulo, jirani wa mlango wa pili, ndiye aliyemshtukia. Batulo alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa. Alipita nyumba kwa nyumba na begi lake, akiwapima watoto na kuwashauri wakubwa. Asubuhi moja alimkuta Mureithi mlangoni na kikombe mkononi, kichwa amekiinamisha upande.

"Baba Kui, mbona unakunywa chai kama kuku?"

"Ni jino tu."

"Fungua mdomo nione."

"Umekuwa daktari lini?"

"Wallahi, nimeona vinywa vingi kuliko masanduku uliyowahi kuunda. Fungua!"

Mureithi akafungua. Batulo akamulika kwa simu.

"Linauma wakati gani?"

"Nikinywa kitu kitamu, au maji baridi. Halafu linanyamaza."

"Basi bado una bahati. Kama linauma kidogo halafu linanyamaza, huenda uozo haujafika kwenye mshipa. Nenda kliniki ya meno. Watakudunga sindano ya ganzi, wakwangue uozo wote, kisha wazibe tundu. Ni asubuhi moja tu, na jino linabaki lako."

"Si heri ling'olewe tu? Mambo yaishe."

"Bati likikukata kidole, unaking'oa kidole?"

Mureithi akacheka, lakini kwa upande mmoja wa mdomo. "Nitaenda nikimaliza masanduku ya Kabiru."

"Uozo haujui Kabiru," Batulo akasema.

Alipoondoka, Jecinta akamtazama mumewe. "Na kama anasema kweli?"

"Mama Kui, asubuhi moja ni masanduku mawili. Pesa ya jino ni pesa ya karo. Wacha nifanye kazi."

Pale kazini, kibanda cha Mureithi kilipakana na cha Laban, fundi wa majiko. Laban alikuwa mtu wa mzaha. Siku ile alimwona Mureithi ameshika shavu kwa mkono mmoja na nyundo kwa mwingine.

"Niaje, buda! Wewe ni fundi ama ni nani? Kila siku unaziba mabeseni ya watu. Katundu kadogo ka jino kanakushinda?"

Wakacheka wote. Kisha Mureithi akaacha kucheka, akaanza kufikiri. Kwenye rafu palikuwa na gundi ya chuma, ile ya mirija miwili inayochanganywa. Alikuwa ameziba nayo matundu mengi, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika.

Akakausha jino kwa pamba. Akachanganya gundi juu ya kipande cha bati. Akaisukuma ndani ya tundu kwa njiti. Ilinuka kama rangi na kumchoma ulimi. Alikaa mdomo wazi mpaka ikawa ngumu kama jiwe.

"Daktari Mureithi!" Laban akapiga makofi. "Kesho nakuletea mama mkwe."

Siku mbili jino lilikaa kimya. Siku ya tatu maumivu yalirudi, na safari hii hayakungoja chai wala maji baridi. Yalikuja yenyewe, yakagonga kama nyundo, usiku na mchana. Mureithi akanunua vidonge vya maumivu dukani. Akameza viwili, kisha vinne, akaendelea kukunja bati. Siku ya saba maumivu yakakatika ghafla.

"Unaona?" alimwambia Batulo. "Limepona."

Batulo hakucheka. "Jino lililooza haliponi lenyewe, Baba Kui. Likinyamaza hivyo, limekufa ndani. Umeufungia uozo na kifuniko juu. Usaha unatafuta njia ya kutokea chini. Twende leo, nitakusindikiza mwenyewe."

"Yamebaki masanduku thelathini na manne."

"Sikukuuliza masanduku."

Mureithi alichukua nyundo yake, akaenda kazini.

Siku mbili baadaye hakuweza kuamka kwenda popote. Taya lilikuwa limevimba mpaka shingoni. Mdomo haukufunguka hata kwa kijiko. Mate yalimtoka kwa sababu hayakumezeka. Mwili ulikuwa moto. Jecinta alimkimbilia Batulo, na Batulo alipofika hakupoteza muda.

"Hii si ya kliniki tena. Uvimbe ukishuka shingoni unaweza kuziba pumzi, na mtu akafa. Mama Kui, chukua kitambulisho chake. Hospitali, sasa hivi!"

Hospitalini walimpasua chini ya taya ili usaha utoke. Gego lile likang'olewa na gundi yake. Akawekewa dripu, akalazwa.

Siku ya nne Jecinta aliketi kando ya kitanda.

"Nimetoa pesa za chama," akasema.

"Zote?" Mureithi aliuliza. Sauti ilipita katikati ya meno.

"Zote. Ulitaka nikuache ufe? Na Kabiru alikuja. Amebeba masanduku yaliyokuwa tayari. Pesa ya hayo ulishaichukua ukanunulia bati. Mengine amempa fundi mwingine. Anasema shule zinafunguliwa, hawezi kungoja shavu la mtu."

Mureithi akageukia ukuta. Alitamani Jecinta apige kelele, lakini Jecinta alikuwa akikunja na kukunjua leso yake tu.

Siku ya nane Kui alikuja peke yake, na uji kwenye chupa.

"Baba, siku ya mwisho ya kuripoti ilikuwa jana. Nilipiga simu shuleni. Nafasi yangu imepewa mwingine."

Kui akammiminia uji kwenye kikombe.

"Kuna shule ya kutwa upande wa Makongeni. Nitakuwa natembea. Usijali, baba. Kunywa uji."

Afadhali angemtukana.

Kesho yake, kabla ya kumruhusu kwenda nyumbani, daktari wa meno aliyeitwa Nafula alimkagua tena.

"Uvimbe umeisha. Lakini jino lililokaa karibu na lile lililong'olewa nalo lina doa jeusi. Tundu linaanza. Urudi wiki ijayo nilizibe."

"Ling'oe," Mureithi akasema. "Yang'oe yote. Nimechoka nayo."

"Hili bado linaweza kuokolewa. Wewe nasikia ni fundi wa bati. Beseni likishika kutu na kutoboka, unaanza na nini?"

"Nakwangua kutu."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka nione bati safi."

"Na ukipaka gundi juu ya kutu?"

"Kutu inaendelea kula kwa chini."

Daktari Nafula akamtazama. "Basi ulikuwa unajua."

Mureithi aliinua mkono, akagusa kidonda chini ya taya. Alikuwa anajua. Alijua kwa beseni la mtu yeyote, hakujua kwa mdomo wake mwenyewe.

Wiki iliyofuata alirudi. Daktari alimdunga ganzi, shavu likafa. Kisha mashine ndogo ikakwangua doa jeusi, na maji yakaosha vumbi. Mureithi alisikia mlio, hakusikia maumivu. Tundu liliposafika, daktari alijaza dawa nyeupe na kuimulika kwa taa ya buluu mpaka ikakauka.

"Usile mpaka ganzi iishe, usije ukajiuma shavu," alisema. "Siku chache jino linaweza kusisimka kwa baridi. Usiogope. Lakini ukiona maumivu yanaongezeka, rudi. Piga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Punguza sukari kwenye chai. Na usingoje maumivu ndipo uje."

Mureithi alimleta Jecinta na Kui wakakaguliwa. Kui hakuwa na tundu hata moja. Jecinta alikuwa nalo moja dogo, likazibwa siku hiyo hiyo. Hata Laban alikwenda, na hakufanya mzaha njiani.

Jino lililozibwa halijasumbua hadi leo. Mureithi hulitafunia hata mahindi magumu ya githeri. Kuliziba kulichukua dakika arobaini na shilingi elfu mbili. Lile la kwanza lingechukua hivyo hivyo, kama angekwenda siku aliyoambiwa. Badala yake lilichukua siku tisa kitandani, gego moja, kovu moja chini ya taya, masanduku ya Kabiru yaliyobaki, akiba yote ya chama, na nafasi ya Kui huko Nyeri.